Kabla Hujang'oa Mkanda wa Skuta

Swali hili huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. Mwalimu wa Kaliua, muuza asali wa Sikonge na kijana anayesambaza mikate Tabora mjini wote wanauliza: skuta yangu inakula mikanda, je, siwezi kuutoa huo mkanda nikaweka cheni, au gia kama za pikipiki, nipumzike? Jibu fupi ni kwamba inawezekana, ila njia ambayo mafundi wengi huikimbilia ndiyo mbovu kuliko zote. Jibu refu ndilo hili.

Ninaongelea skuta ndogo za automatiki, hasa zile za Kichina za sisi (cc) 125 na 150 ambazo spea zake zinapatikana kwa urahisi. Ndani ya kava la kushoto kuna puli ya mbele yenye rola sita, mkanda mpana wa mpira, puli ya nyuma yenye springi, na klachi iliyo ndani ya kikombe chake. Kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, rola zinasukumwa nje, puli ya mbele inajibana, mkanda unapanda juu yake na kuzama kwenye puli ya nyuma. Hapo ndipo gia hubadilika zenyewe.

Anayekuambia mkanda ni kitu cha kuchezea, mwambie kwamba mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitoa gari zima, DAF 600, lililoendeshwa kwa mikanda ya namna hiyo. Mpira si adui. Adui mkubwa kwa njia zetu ni mchanga, na mzigo.

Kwanza hakikisha mwenye kosa ni mkanda

Fungua kava. Kwa skuta inayotembea njia za mchanga za huku Tabora, kama Kwihara, Ndono au Usoke, utakuta unga mweusi wa mpira umechanganyika na mchanga mwekundu, umeganda kwenye kona kama lami. Usipulize kwa mdomo. Futa kwa brashi kavu na kitambaa, kisha angalia haya kwa mpangilio:

- Mkanda una mafuta? Kama una mafuta, oili sili ya krankshafti au ya gia boksi imekufa. Ukibadili mkanda bila kubadili sili, mpya utakufa vile vile.
- Upana wake. Skuta nyingi za aina hii hutumia mkanda ulioandikwa 743-20-30 au 842-20-30: urefu wa milimita 743 au 842, upana wa milimita 20, na pembe ya nyuzi 30. Pima kwa vernia. Ukiwa umepoteza kama milimita moja na nusu, umekwisha, hata kama haujapasuka.
- Nyuso za puli. Pitisha ukucha kuanzia katikati kwenda ukingoni. Ukikwama kwenye mfereji, puli imelika, na mkanda wowote utakaouweka utaishi maisha mafupi.
- Rola. Zinatakiwa ziwe mviringo. Zikiwa na upande bapa, skuta inakwama kwenye spidi fulani na dereva anaulaumu mkanda.
- Klachi. Injini ikilia sana huku chombo kikisogea polepole wakati wa kuondoka tu, kisha kikakaa sawa, anza kuchunguza klachi kabla ya mkanda.

Wengi wanaoleta lalamiko la mikanda wana sili inayovuja, puli iliyolika, au mkanda wa namba isiyo yake. Duka likikosa 743 linakupa ulio karibu nayo, na wewe unaukubali kwa sababu unaingia. Kuingia si kufaa.

Kosa la nati ya mbele

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo skuta nyingi zinapoharibiwa gereji.

Fundi anapofunga mkanda mpya, puli ya nyuma imejibana kwa springi yake, kwa hiyo mkanda umekaa juu kule nyuma na umevutwa kwa nguvu huku mbele. Anaweka sahani ya nje ya puli ya mbele, anakaza nati, anahisi imekaza. Kumbe sahani imeubana mkanda na haijafika kwenye bushi ya chuma. Skuta ikiwashwa, mkanda unajipanga, nafasi inapatikana, nati inalegea. Siku chache baadaye sahani inacheza na kuyala meno ya krankshafti. Meno yakishaliwa, unatafuta krankshafti, na ili kuibadili unaipasua injini yote.

Namna sahihi:

1. Fungua puli ya nyuma kwa mikono, zisukume sahani zake ziachane, na uzamishe mkanda mpaka chini kabisa.
2. Ukiwa umeushikilia hapo, vuta ulegevu wote uje mbele. Mkanda ulale huru kuzunguka bushi.
3. Weka sahani ya nje na uhakikishe kwa macho kwamba imegusa bushi na meno yameingia.
4. Ndipo ukaze nati. Baadaye zungusha puli ya nyuma kwa mkono mpaka mkanda ukaze wenyewe.

Mshale uliochorwa kwenye mkanda uelekee upande inakozunguka injini. Na usipake grisi kwenye rola za skuta hizi. Grisi hukusanya vumbi, na ikiyeyuka inatupwa kwenye mkanda.

Mchanga unaingilia wapi?

Kava la mkanda linavuta hewa ili kupoza mpira. Kwenye skuta nyingi hewa hiyo inapita kwenye tundu la mbele lisilo na chujio la maana, au sponji yake ilishaoza. Weka sponji kavu yenye matundu makubwa, ifunge vizuri, na uioshe mara kwa mara wakati wa kiangazi. Usiiloweshe oili. Usizibe tundu kabisa, maana mkanda utapika ndani kwa joto. Na ukivuka maji ya mbuga wakati wa masika upande wa Igunga na Nzega, maji yakafika usawa wa kava, fungua ukaushe jioni hiyo hiyo.

Kwa anayebeba mzigo kuna dawa nyingine ya bei ndogo: rola nyepesi. Kama zilizomo ni za gramu 12, jaribu za gramu 10, zote sita zikiwa uzito mmoja. Injini itazunguka kidogo zaidi kabla gia hazijapanda, na kwenye mchanga utahisi nguvu. Utapoteza mafuta kidogo barabara ya lami. Hiyo ndiyo bei yake.

Ukifanya hayo na skuta ikatulia, ishia hapa. Makala iliyobaki haikuhusu.

"Basi niweke cheni palipokuwa na mkanda"

Hili ndilo wazo linalopendwa. Fundi anakereza sproketi mbili, moja inakaa kwenye krankshafti, nyingine kwenye shafti ya nyuma, cheni inapita, klachi ile ile inabaki. Siku moja ya kazi. Inaonekana safi, na itatembea pale gereji.

Chukua kalamu. Tairi la 3.50-10 likizunguka mara moja linasogea kama mita 1.35. Mkanda unapofanya kazi, uwiano wa jumla kati ya injini na tairi huanza juu ya 20, yaani injini inazunguka zaidi ya mara 20 kwa mzunguko mmoja wa tairi, kisha unashuka taratibu hadi karibu na 8. Cheni haina huo uhuru. Inakupa namba moja tu, na unalazimika kuchagua:

- Ukichagua 10: injini ikiwa mizunguko 7,000 kwa dakika, spidi ni kama kilomita 57 kwa saa. Vizuri. Lakini klachi huanza kushika karibu na mizunguko 2,500, na kwa uwiano huo 2,500 ni kilomita 20 kwa saa. Toka sifuri hadi 20 klachi inateleza. Kwenye mchanga wa kuelekea Kwihara, na abiria nyuma, huenda usiifikie 20 kabisa. Klachi inaungua njia nzima.
- Ukichagua 20: klachi inashika mapema, kwenye kilomita 10 kwa saa, na chombo kinavuta. Lakini kwa mizunguko ile ile 7,000 unakwenda kilomita 28. Baiskeli zitakusindikiza.

Msomaji mjuzi atasema: mbona zilikuwepo pikipiki ndogo za gia moja, au mbili za automatiki? Kweli, Puch za Austria na Tomos za Slovenia zilifanya hivyo. Zilikuwa za sisi 50, nyepesi, kwa mtu mmoja, kwenye barabara za Ulaya. Zile za gia mbili zilikuwa na klachi mbili zilizotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, ndani ya oili. Ukitaka kuiga, hesabu gharama ya kukereza na kuimarisha chuma kwa moto, si sproketi mbili tu.

Kuna ubaya mwingine ambao hausemwi. Mkanda ukizidiwa unateleza au unakatika, unasimama pembeni. Cheni ikikatika ndani ya kava hilo jembamba inajikusanya, inapasua ukuta wa injini, au inafunga tairi la nyuma ukiwa mwendoni.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya njia hii ni mmoja: usiifanye, hata kwa majaribio.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuchora chochote

Kwenye pikipiki ya kawaida injini imefungwa kwenye fremu, na uma wa nyuma unapanda na kushuka peke yake. Kwenye skuta ya mkanda, injini, kava, gia boksi na tairi ni kitu kimoja kinachocheza pamoja kwenye shokapu. Tairi limechomekwa kwenye shafti ya gia boksi, halina uma. Ukitoa mfumo wa mkanda umetoa pia kinachobeba tairi. Ndiyo maana kubadili mfumo ni kujenga upya nusu ya nyuma ya chombo.

Njia tatu zinazoeleweka

*Ya kwanza: injini yenye gia zake, na cheni.* Zile injini za kulala za sisi 110, za pikipiki nyembamba za gia nne zisizo na klachi ya mkononi, jamii ya Honda Super Cub iliyoanza 1958. Zina gia ndani ya oili, klachi yake haipigwi na vumbi, na spea zake ni nyingi. Ukiamua:

1. Pima uzito kwanza. Ndoo ya lita 20 ya asali ina karibu kilo 28. Ndoo mbili, dereva na fremu: hiyo ndiyo namba ya kupigia hesabu ya gia ya kwanza.
2. Tengeneza uma wa nyuma. Tundu unapochezea uma liwe karibu iwezekanavyo na sproketi ya injini. Likiwa mbali, cheni italegea na kukaza kila unaporuka shimo.
3. Tafuta habu yenye beringi, breki na sehemu ya sproketi, inayoingia kwenye rimu ndogo ya inchi 10 au 12. Hapa ndipo miradi mingi hukwama, maana rimu za pikipiki hizo ni inchi 17 na haziingii chini ya mwili wa skuta.
4. Imarisha fremu pale utakapofunga injini. Sakafu ya skuta haikutengenezwa kubeba injini katikati.
5. Tumia cheni ya 420 au 428. Zote zina hatua ya milimita 12.7, ila 428 ni pana zaidi, kwa hiyo sproketi zake haziingiliani na za 420. Acha ulegevu wa milimita 20 hadi 30, ukipima mtu akiwa amekaa.
6. Ifunike cheni yote. Super Cub ilikuja na kava kamili tangu mwanzo, na Lambretta za mwisho wa miaka ya 1950 ziliweka cheni ndani ya oili. Cheni iliyo wazi, iliyopakwa oili chafu ya injini kama wafanyavyo bodaboda wengi, hapa kwetu inageuka msasa.

Umeona orodha hiyo? Sasa jumlisha injini, habu, kuchomelea, kukereza, ekzosi na kupachika tenki upya. Mara nyingi fedha hiyo, ukiongeza na bei ya kuiuza skuta ilivyo, inanunua pikipiki nzima ya jamii hiyo ikiwa imekamilika. Ninaipendekeza njia hii kwa mwanafunzi wa ufundi anayetaka kujifunza, au mwenye karakana. Kwa mwenye haraka ya kazi, hapana.

*Ya pili: skuta iliyozaliwa na gia.* Kama unachopenda ni umbo la skuta, sehemu ya kuweka miguu na sketi isiyochafuka, tafuta Vespa ya zamani au ndugu yake wa Kihindi, Bajaj Chetak ya zamani. Tangu Vespa ya kwanza ya 1946, zile za gia za mkononi hazina mkanda wala cheni: meno ya injini yanashikana moja kwa moja na gia boksi, na tairi limefungwa kwenye shafti yake. Bajaji ya magurudumu matatu imetoka ukoo huo huo, na unaona yenyewe mizigo inayobeba. Zanzibar Vespa bado zinatembea na mafundi wake wapo. Huku bara shida ni spea, na zilizo nyingi ni za kuchanganya oili na petroli. Kabla hujanunua, tafuta fundi aliye jirani, kisha ndipo utafute chombo.

*Ya tatu: mota ya umeme ndani ya tairi.* Hapa hakuna mkanda, cheni wala gia boksi. Kava lote la kushoto linaondoka na vumbi lake. Inavutia, na kwa anayezunguka Tabora mjini, barabara za lami, naiona kuwa njia bora ya kubadili. Lakini sikiliza maonyo haya:

- Betri ya volti 60 na saa-ampea 40 ina kama kilowati-saa 2.4. Ukitumia wati-saa 40 kwa kilomita, ni kilomita 60 kwa barabara nzuri, na pungufu kwenye mchanga. Kwenda Urambo na kurudi ni zaidi ya kilomita 150. Usijidanganye.
- Mota ya tairi haina gia ya kwanza. Ikisukuma mzigo polepole kwenye mchanga mzito inapata joto kali. Ukiigusa baada ya kilomita chache ukashindwa kuweka kiganja, punguza mzigo au acha njia hiyo.
- Ekseli ina nguvu ya kujizungusha ndani ya uma. Weka vyuma viwili vya kuishikilia, pande zote mbili. Bila hivyo inageuka, inakata waya zake yenyewe, na tairi linaweza kutoka.
- Uma mpya unahitajika hapa pia, kwa sababu niliyoeleza juu.
- Betri ikae chini na katikati, ifungwe kwa chuma, na iwe na fyuzi karibu na nguzo yake. Kamba ya mpira haitoshi.

Majaribio

Usijaribu kazi mpya na abiria. Anza kiwanjani, peke yako, ukisimama na kuondoka mara nyingi, kisha kagua kila bolti. Hatua ya pili ni mchanga, bado bila mzigo. Ya tatu ni mzigo barabara ya lami. Mzigo kwenye mchanga uwe wa mwisho. Jaribu breki kabla ya spidi, maana chombo kilichokuwa na breki ya nyuma iliyopimwa kiwandani sasa kina ya kwako.

Kuchomelea uma wa nyuma si kazi ya kila mwenye mashine. Mtafute aliyesomea, na chuo cha VETA Tabora ni mahali pazuri pa kuulizia. Akikuambia chuma ulicholeta ni chembamba, msikilize.

Karatasi

Kadi ya chombo ina namba ya injini na namba ya chesisi. Ukiweka injini nyingine, namba haziendani tena, na askari wa barabarani ana haki ya kukuuliza umeitoa wapi. Nunua injini yenye risiti na nyaraka za chombo ilikotoka, nenda TRA urekebishe kumbukumbu, na mjulishe wa bima. Bima iliyoandikwa kwa chombo kimoja inaweza kukukana ukiwa na kingine. Kuhusu injini inayouzwa bei poa bila karatasi, sitasema zaidi.

Uchague ipi?

Skuta yako ikitembea mjini tu na inakula mikanda, tengeneza sili, puli na sponji, ufunge mkanda wa namba yake. Ukibeba mizigo kwenda vijijini kila siku, iuze ukiwa bado unaipenda, ununue pikipiki ya gia yenye cheni. Ukitaka umeme, anza na njia fupi. Na fundi atakayekuahidi sproketi mbili na cheni kwa siku moja, mwombe kwanza aipande mwenyewe mpaka Kwihara na kurudi, akiwa na ndoo mbili za asali nyuma.